Namna ya Kumwomba Mwenye Shamba Ruhusa ya Kuwinda Wanyama Waharibifu Nchini Uganda

Mwenye shamba anaweza kukupa njia ya kuingia katika ardhi yake, lakini hawezi kukupa mnyama. Kwa sheria ya Uganda, mnyama wa porini aliye katika mazingira yake ya asili ni mali ya serikali, ambayo inamshika kwa niaba ya wananchi, na hali hiyo haibadiliki kwa sababu mnyama huyo amevuka mto usiku na kuingia katika mihogo ya mtu. Kwa hiyo anayetaka kuwasaidia wakulima kupambana na nguruwe mwitu, nyani au tumbili anahitaji ruhusa mbili: ya mnyama na ya ardhi. Ya kwanza hutolewa ofisini, nayo ina taratibu zake. Ya pili hutolewa barazani, chini ya mwembe au kando ya jiko, na kwa sababu haina fomu wala karani, watu wengi huiona ni jambo dogo. Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa ajili ya hiyo ya pili.

Ninaandika kutokana na kazi niliyoifanya katika wilaya ya Kiryandongo, baina ya Kigumba, Bweyale na upande wa Karuma, ambako Mnyoro, Mwacholi, Mlugbara, Mwalur na mkimbizi kutoka Sudan Kusini hukutana sokoni na kuelewana kwa Kiswahili. Nimetega fuko katika viazi, na nimeshiriki misako ya nguruwe mwitu iliyoruhusiwa na wilaya. Yaliyomo humu yanafaa pia Masindi, Hoima, Nakasongola au Kasese, ingawa kila mahali pana desturi zake ambazo msomaji atapaswa kuziuliza kwa wenyeji.

Hatua ya kwanza: Mjue mnyama kabla ya kumtafuta mwenye shamba

Usiende kuomba ruhusa ya kuwinda "wanyama wanaoharibu mazao." Maneno hayo ni mapana mno, na mkulima mwenye akili atajiuliza unataka kufanya nini hasa. Tafuta kwanza ni nani aliyeharibu. Nguruwe mwitu huja usiku, kwa kundi, huangusha mabua ya mahindi na kuyatafuna palepale, na hufukua mihogo, viazi na karanga kwa pua, akiacha ardhi kana kwamba imelimwa na mtu mwenye hasira. Nyani huja mchana, huvunja mahindi na mara nyingi huondoka nayo hadi ukingoni mwa msitu. Tumbili ni mwepesi zaidi, huchagua, hung'ata kidogo na kutupa. Ndezi hukata bua karibu na ardhi, mkato ukiwa wa mshazari kama wa kisu. Nungunungu hutafuna mizizi ya mihogo, na mara nyingine huacha mwiba wake mahali hapo. Fuko haonekani kabisa; utaona vichuguu vya udongo mbichi na mgomba ulionyauka bila sababu, kwa kuwa ameula kutoka chini.

Kutambua huku kunahusu sheria pia. Nyani, tumbili na nguruwe mwitu wametangazwa nchini Uganda kuwa wanyama waharibifu, na kazi ya kuwadhibiti imewekwa mikononi mwa serikali za wilaya, ambako mara nyingi iko chini ya idara ya uzalishaji, katika ofisi ileile inayoshughulikia mbung'o. Nenda huko kwanza, na pia kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi cha UWA na ambayo iliundwa mwaka 1996. Uliza kuhusu kibali, uliza kama wilaya ina askari wake wa wanyama waharibifu, na uliza ni njia zipi wanazokubali. Hata ukiwa unamfuata mnyama mdogo kama ndezi au fuko, uliza, kwa kuwa swali halitakugharimu kitu. Anayetaka uwindaji wa michezo, kama ule ulioanzishwa kwa majaribio mwaka 2001 katika mashamba ya ng'ombe yanayopakana na hifadhi ya Ziwa Mburo, ana njia nyingine kabisa ya kupitia, na mwongozo huu haumhusu.

Wapo pia wanyama ambao mkulima atakuomba uwaondoe, nawe ni lazima ukatae palepale. Sokwe mtu huingia katika mapapai, mafenesi na miwa kandokando ya misitu ya Masindi na Hoima. Korongo mwenye taji, ambaye ndiye ndege wa taifa na yuko katikati ya bendera yetu, hufukua mbegu za mahindi zilizopandwa jana. Mbega mweusi mwenye manyoya meupe hulaumiwa kwa makosa ya tumbili. Kakakuona hana kosa lolote katika mazao, lakini yupo atakayekunong'oneza kwamba ana bei. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu kifungo cha maisha, au faini inayoweza kufika shilingi bilioni 20, kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Mwambie mkulima apeleke taarifa kwa ofisi ya UWA iliyo karibu, na umsaidie kuipeleka ikiwa hajui pa kuanzia.

Hatua ya pili: Mjue mwenye ardhi, kisha mwenye jembe

Hapa ndipo wengi hukosea, nami ni mmoja wao. Katika msimu wangu wa kwanza nilipewa ruhusa na kijana aliyekuwa akipalilia viazi, mtu mkarimu aliyetuonyesha mwenyewe vichuguu vya fuko, nasi tukachimba kwa siku mbili. Siku ya tatu alifika mama mjane kutoka mjini. Shamba lilikuwa lake. Yule kijana alikuwa amelikodi kwa msimu mmoja tu. Tulikuwa tumechimba hatua chache kutoka kaburi la mumewe, ambalo halikuwa limejengewa saruji na ambalo sisi tuliliona kama tuta la kawaida. Hakupiga kelele. Aliketi chini akalitazama lile shimo, na mimi mpaka leo sijasahau ukimya wake. Tuliomba radhi, tukafukia, na mwenyekiti wa kijiji akatusimamia tulipopanga upya mawe. Tangu siku hiyo siulizi tu "Shamba hili ni la nani?" Nauliza pia: "Nani analima hapa, nani ana hati, na wamelala wapi wazee wenu?"

Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba ardhi ya Uganda ni ya wananchi, nayo inatambua umiliki wa namna nne: wa kimila, wa kudumu, wa mailo na wa kukodi. Kila namna ina mlango wake wa kubishia hodi.

Katika ardhi ya mailo, ambayo chimbuko lake ni mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, mara nyingi utakuta watu wawili juu ya udongo mmoja: mwenye hati, ambaye huenda anaishi Kampala na hajafika huko kwa miaka mingi, na mwenye kibanja, ambaye familia yake imelima hapo kwa vizazi na ambaye sheria ya ardhi ya mwaka 1998 inamlinda. Mazao yanayoliwa na nguruwe ni ya mwenye kibanja, kwa hiyo ndiye wa kumwendea kwanza. Lakini mwenye hati naye apate habari, kupitia msimamizi wake wa kijijini, hasa mahali ambapo wawili hao wana mgogoro. Kundi la watu wenye mikuki na mbwa likionekana katika ardhi yenye kesi, kila upande utaamini kwamba limetumwa na upande mwingine. Ukisikia kwamba kuna kesi mahakamani juu ya ardhi hiyo, ushauri wangu ni kuiacha mpaka hukumu itoke, hata kama nguruwe wanaimaliza.

Katika ardhi ya kimila, ambayo ndiyo iliyoenea kaskazini na katika sehemu kubwa ya magharibi, mtu mmoja anaweza kulima kipande chake bila kuwa na mamlaka ya kuruhusu wageni wapite katika eneo la ukoo. Waacholi wana rwot kweri, yaani kiongozi wa jembe, anayesimamia kazi za pamoja za kilimo na kusuluhisha ugomvi wa mashamba. Yeye anajua kila mpaka bila ramani, na neno lake litakuokolea wiki nzima ya kuzunguka. Kwingineko utaelekezwa kwa mzee wa ukoo. Ardhi ya hati ya kudumu au ya kukodi ni rahisi zaidi, kwa kuwa jina liko kwenye karatasi. Mashamba makubwa, kama ya miwa ya Kinyara karibu na Masindi, yaandikie ofisi ya uongozi wake. Usiridhike na neno la msimamizi wa zamu uliyemkuta barabarani.

Kumbuka pia mke au mume. Sheria yetu inadai ridhaa ya mwenzi kabla ya ardhi ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani. Haisemi hivyo kuhusu kuwinda, lakini mimi nimeifanya kuwa kanuni yangu, kwa sababu mara nyingi mama ndiye anayejua ni safu gani ya mahindi iliyoliwa jana, saa ngapi, na wanyama walipitia wapi. Yeye na watoto ndio wanaolinda shamba, na kuna watoto wasiofika shuleni wiki za mahindi mabichi kwa sababu wanawafukuza nyani. Ruhusa ya baba ambayo mama hakuisikia ni nusu ya ruhusa.

Mwisho, tembea mpaka wote ukiwa na mwenye shamba. Katika Buganda mpaka mara nyingi huonyeshwa na mmea wa luwaanyi, nao si kichaka cha kufyekwa ili mbwa wapite. Ukiung'oa, umeanzisha ugomvi wa ardhi ambao utadumu kuliko wewe. Mahali mashamba yanapokutana na msitu wa hifadhi au hifadhi ya wanyama, kama upande wa Budongo au Karuma, ruhusa ya mkulima inakoma kwenye mstari huo hata kama nguruwe uliyemfuata ameuvuka mbele ya macho yako.

Hatua ya tatu: Pitia kwa mwenyekiti wa kijiji

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hana uwezo wa kukuruhusu kuingia katika shamba la mtu, lakini bila yeye hutafika mbali. Mpelekee kitambulisho chako cha taifa, nakala ya kibali chako, na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji unachotoka. Mweleze kazi yako na umwombe akutajie wenye mashamba, au akupe mtu wa kukufikisha kwao. Barua yenye muhuri wa LC ni jambo ambalo kila mtu kijijini analielewa, na mgeni aliyepita kwa mwenyekiti hatazamwi kama mgeni aliyetokea porini.

Atakushauri pia kama kituo cha polisi kijulishwe. Ikiwa silaha ya moto itatumika, jambo ambalo kwa kawaida ni la askari wa wilaya, ni lazima kijulishwe. Usidhani kwamba bunduki ya upepo ni mchezo wa watoto. Iulizie polisi kabla ya kuibeba. Wala usivae nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi, hata kama umezinunua hadharani katika mitumba, kwa kuwa raia kuvaa mavazi ya aina hiyo nchini kwetu ni kosa, na watu wamekamatwa kwa ajili ya hilo.

Hatua ya nne: Ziara ya kwanza

Nenda mchana, bila mbwa, bila mkuki, bila wavu, na usizidi watu wawili. Wakulima wengi wako shambani tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali, kwa hiyo saa kumi jioni ni wakati mzuri: amekwisha kula, amenawa, ameketi. Siku ya mazishi katika kijiji usiende kabisa, kwa sababu siku hiyo watu hawalimi, na anayekuja kuzungumzia kuwinda ataonekana hana utu. Epuka Ijumaa mchana kwa Mwislamu na Jumapili asubuhi kwa Mkristo.

Piga hodi ukiwa mbali na mlango, na usiingie mpaka ukaribishwe. Kubali kiti au mkeka utakaopewa. Huku Bunyoro, na kwa jirani zao Watooro, maamkizi hayakamiliki bila empaako, lile jina la heshima na upendo ambalo kila mtu analo, kama Amooti, Akiiki, Abwooli au Adyeri. Muulize mwenyeji la kwake, umwamkie kwalo, na ulitumie katika mazungumzo yote. Ikiwa wewe si mtu wa huko na huna lako, usione haya kusema hivyo. Mara nyingi wenyeji watakupa jina palepale kwa furaha. Kwa Mwacholi, Mlugbara au Mganda, jifunze walau salamu yake, kisha endelea na Kiswahili, ukimwita mzee au mama kwa kadiri ya umri wake. Ulizia afya, mvua, watoto na mifugo. Hiyo si kupoteza wakati. Anapokujibu kuhusu mvua atakuambia pia kuhusu mahindi, na anapokuambia kuhusu mahindi atawataja nguruwe mwenyewe.

Hapo ndipo unaposema lililokuleta, kwa maneno machache na ya wazi. Mimi husema hivi: "Mzee, naitwa fulani, natoka Kigumba, na mwenyekiti anajua kwamba nimekuja. Nimesikia nguruwe wamewasumbua katika mihogo. Sikuja leo kuwinda, nimekuja kuomba. Tuko watu wanne, tuna kibali cha wilaya, nacho ni hiki. Ukituruhusu tutakuja siku utakazopanga wewe, na ukikataa nitarudi nyumbani kwa amani." Kisha nyamaza. Mwache afikiri, amwite mke wake, atume mtoto kwa kaka yake. Anayeharakishwa hukubali kwa mdomo na kujutia baadaye, na majuto yake yatakukuta ukiwa tayari katikati ya shamba.

Usiahidi kuwamaliza wanyama, kwa kuwa haiwezekani: kundi moja likiondoka lingine huja, ikiwa msitu ungali karibu na mihogo ingali mitamu. Ahidi kile unachoweza kukitimiza, kwa mfano kwamba mtakaa usiku sita katika wiki mbili ambazo mahindi yana maziwa, au kwamba mtatega fuko mpaka vichuguu vipya visionekane. Ni vyema pia kumwambia yale anayoweza kuyafanya bila wewe, kama kupanda ua wa miiba, kufyeka ukanda kati ya msitu na shamba, au kuweka zao lisilopendwa na wanyama upande wa msitu. Mkulima akiona kwamba unataka mazao yake yapone hata usipowinda, atakuamini.

Wakati wa mwaka nao una uzito wake. Katika sehemu zenye misimu miwili, mvua za kwanza huanza karibu na Machi na za pili karibu na Agosti. Nenda kuomba wakati wa palizi, wiki kadhaa kabla ya mahindi kukomaa. Ukisubiri mpaka hasara itokee, utamkuta mtu mwenye uchungu, naye atakuruhusu mambo ambayo hakupaswa kuyaruhusu.

Hatua ya tano: Sema njia utakazotumia, na utaje zile usizozitumia

Mkulima ana haki ya kujua ni kitu gani kitawekwa katika udongo wake. Ukitega fuko, mwonyeshe mtego wenyewe: kijiti kilichopindwa, kamba na kitanzi ndani ya tundu, ambavyo havimdhuru kuku wala mtoto. Hapa kazi huwa ya malipo, na wategaji wengi hulipwa kwa kila fuko, wakionyesha mkia kama ushahidi. Patana bei kabla ya tundu la kwanza kufunguliwa. Ikiwa ni nguruwe, eleza idadi ya mbwa, nyavu zitakapotandazwa na watu watakaposimama.

Kisha mwambie kwamba hutatumia waya, wala mitego ya chuma yenye meno inayotengenezwa kwa springi za magari, wala mashimo yaliyofunikwa. Waya hauchagui. Katika msitu wa Budongo, ambako sokwe wa eneo la Sonso wamechunguzwa na watafiti tangu mwaka 1990, wapo sokwe wengi wenye mikono au miguu iliyolemaa kwa sababu ya waya uliowekwa na mtu aliyetaka nguruwe au swala. Mnyama aliyepoteza vidole hupanda mti kwa shida maisha yake yote, na aliyeweka waya huenda hata hakujua. Ng'ombe na mbwa wa mkulima nao hunaswa, na mtoto anayefuata mbuzi pia.

Kuhusu sumu, kataa hata ukibembelezwa, na hata ukionyeshwa kwamba jirani anaitumia. Mwezi Aprili mwaka 2018, simba 11, wanane kati yao wakiwa watoto, walikutwa wamekufa kwa sumu huko Hamukungu, katika hifadhi ya Queen Elizabeth. Nyama yenye sumu huua aliyeila, kisha fisi na tai waliomla huyo, na mvua inapokuja hubeba mabaki hadi kisimani.

Hatua ya sita: Andika

Neno la mdomo linatosha kati ya watu wawili wanaojuana, lakini ruhusa yako itaulizwa na watu wasiokujua: jirani, askari, kaka wa mkulima aliyerudi kutoka mjini. Iandike katika lugha anayoielewa mwenye shamba, na ikiwa hasomi, isomwe kwa sauti mbele ya mtu anayemwamini kabla hajaweka dole gumba. Nakala ziwe tatu: yake, yako na ya mwenyekiti. Mfano wa kutosha ni huu:

"Mimi ………, ninayelima katika kijiji cha ………, parishi ya ………, kaunti ndogo ya ………, nimemruhusu ……… pamoja na wenzake walioandikwa chini kuingia katika shamba langu lililo kati ya ……… na ………, kuanzia tarehe ……… hadi tarehe ………, kati ya saa ……… na saa ………, kwa ajili ya nguruwe mwitu tu. Watakuja na mbwa wasiozidi ………. Hawatatumia sumu, waya wala moto. Hawatakaribia makaburi wala zizi. Wakiharibu mazao au mali, watalipa kwa makadirio yatakayofanywa na mwenyekiti wa kijiji mbele yetu sote. Ruhusa hii haihusu mashamba ya majirani, wala haichukui nafasi ya kibali cha serikali. Ninaweza kuiondoa wakati wowote."

Sentensi ya mwisho isiachwe. Wapo wawindaji wanaoiogopa, nami naiona ndiyo inayomfanya mkulima atie sahihi bila wasiwasi.

Hatua ya saba: Majirani, usiku na mbwa

Nguruwe mwitu ni kazi ya usiku, na usiku kijijini una sheria yake. Taa zikionekana katika mihogo, mtu mmoja atapiga yowe, na yowe likipigwa kila nyumba hutoka na panga. Watu wamepoteza maisha kwa kudhaniwa kuwa wezi. Kwa hiyo kabla ya kila usiku wa kazi, na si ule wa kwanza pekee, mjulishe mwenyekiti, na wajulishe majirani wa pande zote nne saa mtakayoingia na saa mtakayotoka. Atangulie mtu wa familia ya mwenye shamba ambaye sauti yake inajulikana.

Mbwa wawe wamechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na kadi za chanjo mzibebe. Katika boma la Mwislamu, mbwa wabaki nje ya ua bila kusubiri kuambiwa, wala wasiguse vyombo wala maji ya kutawadha. Katika nyumba yenye nguruwe wa kufugwa, kuna tahadhari nyingine ambayo haijulikani vya kutosha: nguruwe mwitu anaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, na homa hiyo ikiingia bandani huwamaliza nguruwe wa kufugwa, wala haina dawa. Mzoga usipitishwe karibu na banda, damu isimwagike njiani, na viatu vioshwe.

Suala la nyama lizungumzwe mapema. Mwenye shamba anaweza kutaka fungu, anaweza kuwa haruhusiwi na dini yake hata kuigusa, na ofisi iliyokupa kibali inaweza kuwa na masharti yake kuhusu mzoga. Fuata masharti hayo. Kuuza nyama ya porini bila leseni ni kosa, hata kilo moja, hata kwa rafiki. Mnyama mliyemkuta amekufa bila jeraha msimguse kamwe. Mwiteni daktari wa mifugo wa kaunti ndogo, kwa sababu kimeta ipo nchini, na Ebola tumeijua tangu Gulu mwaka 2000.

Hatua ya nane: Baada ya kazi, na ruhusa inapokoma

Asubuhi rudi kwa mwenye shamba kabla ya kulala. Mweleze mlichopata au kwamba hamkupata kitu, mwonyeshe mahali mbwa walipokanyaga karanga, funga lango la miti mlilofungua, fukia kila tundu. Hasara ikiwa ni yenu, itajeni ninyi kwanza.

Ukikataliwa, shukuru, maliza maji uliyopewa, na uondoke bila kupitia kwa mdogo wake kutafuta jibu jingine. Huna haja ya kujua sababu. Mwachie tu jina lako kwa mwenyekiti. Nimewahi kuitwa na mama aliyenikataa misimu miwili kabla.

Ruhusa hukoma tarehe iliyoandikwa ikifika, mazao yakivunwa, shamba likiuzwa au likikodishwa kwa mwingine, na mwenyewe akifariki. Hapo uende msibani kama watu wengine, ukiwa umetoa kibali chako mfukoni na kukiacha nyumbani, wala usiseme neno lolote kuhusu shamba. Subiri mpaka matanga yaishe na mrithi ajulikane, jambo ambalo katika familia nyingine huchukua miezi. Kisha rudi saa kumi jioni, piga hodi ukiwa mbali na mlango, na uombe upya kwa karatasi mpya, hata ikiwa wewe ndiye unayeyajua matundu ya shamba lile kuliko huyo mrithi mwenyewe.